Dirisha moja, wenyewe wawili

Bibi mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Ngamiani, Tanga, hajui HTML ni nini, na hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba programu ya mauzo niliyomwekea, kila akiifungua asubuhi, huanza kwa kumwonyesha weupe. Dirisha zima jeupe kama shuka lililoanikwa, halafu baada ya kitambo ndiyo maandishi yanajitokeza: tairi, tyubu, spoku, minyororo. Siku moja nimepita kununua mpira wa breki, hata shikamoo haijaitikiwa, akaniuliza: "Mwanangu, hiki kidude chako kwanza kinazimia ndiyo kinazinduka?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wa fani. Ukilijibu sawasawa, umeeleza karibu kila kitu kuhusu programu za kompyuta ya mezani zilizojengwa kwa HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na siku hizi programu hizo ndizo zimejaa. Ukifungua Visual Studio Code kuandika msimbo, unachokiona mbele yako ni ukurasa wa HTML uliovishwa fremu.

Programu ya bibi imeandikwa kwa HTML, CSS ya kuupamba ukurasa na JavaScript ya kuupa matendo, vilevile kama tovuti, ila haifunguki ndani ya kivinjari. Ina dirisha lake, ina alama yake chini ya skrini, inafungwa kwa msalaba wake. Mtumiaji anaona kitu kimoja. Kwa ndani ni vitu viwili vilivyoshikizwa, na kila kimoja kina mwenyewe. Fremu ni ya mfumo endeshi, yaani Windows na wenzake. Kioo ni cha injini ya HTML, ile inayousoma ukurasa na kuuchora.

Fremu kwanza. Kwenye Windows, programu inapotaka dirisha hupeleka ombi: nipe dirisha la upana huu na urefu huu, likae hapa. Mfumo unalitengeneza na kurudisha namba ya kulitambulisha. Kuanzia hapo, kila kinacholipata dirisha hilo huja kama ujumbe kwenye foleni. Kipanya kimebonyezwa. Mtu kalivuta pembe. Sehemu iliyofunikwa na dirisha jingine imefunuka, ichorwe upya. Mtu kagusa msalaba. Uzi wa kazi (thread) uliolizaa dirisha ndio unaopaswa kusimama kwenye foleni hiyo, uchukue ujumbe mmoja mmoja na kuujibu. Ukiacha kuchukua ujumbe kwa sekunde 5, Windows inakata tamaa kwa niaba yako: inalififisha dirisha na kuandika juu yake kwamba programu haijibu. Programu yako huenda ni nzima kabisa, imezama tu kusoma faili kubwa, lakini mfumo haujui hilo. Mfumo unaangalia foleni.

Sasa kioo. Injini ya HTML ina kazi nzito zaidi. Isome maandishi ya HTML na kuyageuza mti, isome CSS na kuamua kila kipande cha mti kinavaa nini, ipime kila kimoja kikae wapi, ichore, kisha ikabidhi michoro kwa kadi ya michoro iipeleke kwenye skrini. Tena injini za leo hazifanyi haya yote ndani ya mchakato (process) mmoja. Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, inayotumika ndani ya programu nyingi za namna hii, inagawa kazi: mchakato mkuu unaoshika madirisha, mchakato wa kuchora ukurasa, mwingine wa kadi ya michoro, mwingine wa mtandao. Ndiyo maana ukifungua orodha ya kazi za Windows unakuta programu moja imejiandika mara nne au zaidi, na kijana anayesaidia dukani pale alishawahi kuniambia kompyuta imeingiwa na virusi. Si virusi. Ni mgawanyo huo, na una faida yake: ukurasa ukikwama, mchakato mkuu bado uko hai na unaweza kulifunga dirisha au kulianzisha tena.

Weupe wa bibi, basi, ndio huo. Fremu hupatikana papo hapo kwa sababu mfumo endeshi uko macho tangu kompyuta ilipowashwa. Injini inaamshwa kutoka kwenye diski. Na kompyuta ya dukani ni ile iliyotumika ofisini kwa mtu miaka mingi ikauzwa, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na diski ya kuzunguka ambayo ukikaa karibu unaisikia. Katikati ya fremu kuwa tayari na kioo kuwa tayari kuna sekunde kadhaa, na mfumo hauna cha kuonyesha zaidi ya rangi tupu.

Dawa yake ni kutolionyesha dirisha mpaka kioo kipate mchoro wake wa kwanza. Kwa Electron, chombo cha kujengea programu za namna hii, ambayo ndiyo niliyotumia, ni mistari michache:

```
const dirisha = new BrowserWindow({
  width: 1024,
  height: 700,
  show: false,
  backgroundColor: '#f4efe6',
  webPreferences: {
    preload: path.join(__dirname, 'daraja.js')
  }
})
dirisha.once('ready-to-show', () => dirisha.show())
dirisha.loadFile('mauzo.html')
```

Dirisha linazaliwa limefichwa. Ukurasa ukishachorwa mara ya kwanza, injini inatoa taarifa, na hapo ndipo linajitokeza likiwa limevaa. Rangi ya nyuma nimeiweka sawa na ya ukurasa wenyewe, kwa sababu hata baada ya hapo, mtu akilivuta dirisha pembe kwa haraka, fremu hutangulia na kioo kikafuata. Ule ukingo unaobaki wazi kwa nukta moja uwe na rangi isiyomshtua mtu.

Nikaenda kwa bibi, nikaweka toleo jipya, nikasubiri sifa. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, akanigeukia: "Sasa ndiyo umekiua kabisa." Kisha yakafunguka madirisha matatu, moja juu ya jingine, na diski ikaanza kulia kama cherehani.

Nilikuwa nimesahau kwamba ule weupe, kwa ubaya wake wote, ulikuwa unamwambia jambo: nimesikia, subiri. Nilipouondoa, nikauondoa na huo ujumbe. Muda wa kusubiri ulikuwa uleule, lakini sasa haukuwa na kitu cha kuutazama. Hapo nikafanya mawili. La kwanza, mchakato mkuu ukianza unaomba kufuli la nakala moja, `app.requestSingleInstanceLock()`, ukinyimwa maana yake kuna ndugu yake tayari yuko kazini, basi unajifunga wenyewe, na yule wa kwanza anapewa taarifa alilete dirisha lake mbele. La pili, nikaweka dirisha dogo la kutangulia lenye picha ya baiskeli na neno "Inafunguka", HTML ya mistari kumi isiyo na hesabu wala maktaba yoyote ya msimbo, ambayo inachorwa mapema sana kuliko ukurasa wa mauzo. Dirisha hilo dogo ni la kiTanga hasa, waja leo waondoka leo: likishafanya kazi yake linaharibiwa, lisibaki linakula kumbukumbu.

Hapo msomaji anayejua mambo haya atauliza kwa nini kwanza nilibeba injini nzima ya Chromium kwenye kompyuta ya namna ile. Swali ni la haki.

Njia ziko mbili. Ubebe injini yako, au uazime ya mwenyeji. Electron ni ya kubeba: kila programu inakuja na Chromium yake na Node.js yake, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, na faili za kuisakinisha huzidi megabaiti 100 kwa urahisi hata kama programu yenyewe ni kurasa mbili. Ilianza mwaka 2013 ndani ya GitHub, kampuni ya kuhifadhi msimbo, kwa jina la Atom Shell, kama msingi wa kihariri cha msimbo kilichoitwa Atom, ikabadilishwa jina 2015. Kihariri chenyewe kilifungwa Desemba 2022, msingi wake ukabaki na watu wengi kuliko kilivyowahi kuwa nao.

Ya kuazima ni kutumia injini ambayo mfumo endeshi tayari unayo. Windows ina WebView2, ambayo ni injini ya kivinjari cha Edge, iliyojengwa juu ya Chromium, na Windows 11 huja nayo. macOS ina WKWebView. Linux mara nyingi hutumia WebKitGTK. Tauri, chombo kingine cha kazi ileile ya Electron, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwezi Juni 2022, imejengwa juu ya hizo tatu, na programu yake ndogo inaweza kuwa ya megabaiti chache tu. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu, tofauti ya megabaiti chache na megabaiti mia ni tofauti ya kupakua leo au kusubiri mwisho wa mwezi.

Lakini ukiazima, unakula kilichopo. Ukurasa mmoja utachorwa na Chromium kwa Windows, na WebKit kwa Mac na Linux. Injini hizi ni ndugu wa ukoo mmoja. Babu yao ni KHTML ya mradi wa KDE, iliyoanza 1998. Apple wakaichukua 2001 wakaitoa WebKit. Google wakaitumia WebKit kwenye Chrome 2008, kisha 2013 wakajitenga na kuiita yao Blink, ambayo ndiyo iliyo ndani ya Chromium. Ndugu, lakini kila mmoja na nyumba yake: sehemu ya kuchagua tarehe, mwonekano wa vitufe, namna ya kupima herufi, vyote vinaweza kutofautiana, na mteja aliyeko Korogwe atakupigia simu kueleza kitu ambacho kwako hakionekani.

Kwa duka la bibi hoja iliyonimaliza ilikuwa nyingine kabisa. Kompyuta yake ina Windows 7. Chromium iliacha kuisaidia Windows 7 baada ya toleo la 109, na WebView2 ikaachia hapohapo. Electron toleo la 22 ndiyo ya mwisho kukubali kuwaka pale. Kwa kuwa nilibeba injini yangu, niliweza kushikilia toleo hilo la 22 na programu ikafanya kazi. Ni suluhisho ninaloliona aibu kidogo. Toleo lile halirekebishwi tena, maana Electron husaidia matoleo makuu matatu ya karibuni tu na jipya hutoka kila wiki nane. Injini uliyobeba, matundu yake ya usalama ni yako pia. Nimelikubali kwa sababu programu yake haifungui tovuti yoyote ya nje, inasoma faili zake yenyewe tu. Ingekuwa inafungua mtandao nisingethubutu, ningemwambia bibi tutafute kompyuta nyingine kwanza.

Wapo wanaosema kutumia Electron ni uvivu. Wengi wao, kwa ninavyowaona, hawajawahi kumsaidia mteja kwa simu akiwa kwenye mashine ambayo hawaijui. Hata hivyo, leo ningeanza kazi mpya kwa mteja mwenye Windows 11, ningeazima, tena bila kusita.

Mtego mmoja wa WebView2 nautaja kwa sababu ulinila mchana mzima kwenye kazi ya mteja mwingine. Injini inahitaji folda ya kuwekea kumbukumbu zake: vidakuzi, akiba ya picha na kadhalika. Usipoitajia folda, inajaribu kuitengeneza pembeni ya faili la programu. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji hilo linapita, kwa sababu faili liko kwenye folda yake. Programu ikishasakinishwa kwenye Program Files, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, na injini inashindwa kuanza. Fremu inatokea, kioo hakiji. Ukiitajia folda iliyo ndani ya eneo la mtumiaji mwenyewe, yamekwisha. Na ukumbuke kwamba WebView2 haijui fremu yako ina ukubwa gani mpaka umwambie; dirisha likipanuliwa, ni wewe unayepokea ujumbe wa ukubwa mpya na kuupeleka kwa injini. Ukisahau, mtumiaji analivuta dirisha na ukurasa unabaki umejikunyata pembeni kama mgeni asiyekaribishwa.

Sasa pale fremu na kioo vinapokutana. Mchakato mkuu una nguvu zote: unasoma diski, unatuma kazi kwa printa, unafuta faili. Ukurasa unatakiwa usiwe na hata mojawapo, kwa sababu ukurasa ni mahali ambapo maandishi ya watu huingia. Internet Explorer 5, kivinjari cha Microsoft, mwaka 1999, ilileta faili za HTA, programu kamili kwa HTML, ambapo ukurasa wenyewe uliruhusiwa kugusa faili za kompyuta moja kwa moja. Ilikuwa rahisi mno, na waandishi wa programu hasidi waliupenda urahisi huo. Electron nayo mwanzoni iliruhusu ukurasa kuitumia Node.js moja kwa moja. Tangu toleo la 5 hilo limezimwa mpaka uliwashe, tangu la 12 msimbo wa daraja, ule unaounganisha ukurasa na mchakato mkuu, umetengwa na msimbo wa ukurasa, na tangu la 20 mchakato wa ukurasa umefungiwa kwenye kisanduku chake.

Kilichobaki ni daraja. Faili ile niliyoiita `daraja.js` ina hivi:

```
contextBridge.exposeInMainWorld('duka', {
  hifadhi: (mauzo) => ipcRenderer.invoke('hifadhi', mauzo),
  chapa:   (risiti) => ipcRenderer.invoke('chapa', risiti)
})
```

Ukurasa unaona vitu viwili tu: kuhifadhi mauzo na kuchapa risiti. Hauoni diski. Mtu akiandika msimbo mbaya kwenye sehemu ya jina la mteja na mimi nikazembea ukatekelezwa, kitu kibaya zaidi utakachoweza ni kuhifadhi mauzo ya uongo au kumaliza karatasi ya risiti. Usije ukafungua mlango wa jumla, kwa mfano kuupa ukurasa `ipcRenderer` nzima, yaani njia yote ya kuzungumza na mchakato mkuu, ili "baadaye isisumbue". Nimeona msimbo wa namna hiyo kwenye programu za kulipia.

Kufunga dirisha ni kugumu kuliko kulifungua, na hapa ndipo watu waliotoka kwenye tovuti hujikwaa. Kwenye kivinjari, ukitaka mtu asiondoke na kazi ambayo haijahifadhiwa, unatumia tukio la `beforeunload`, na kivinjari chenyewe humuuliza kama kweli anataka kuondoka. Nikafanya vilevile. Ndani ya Electron hakuna swali linaloulizwa: ukirudisha thamani yoyote, kufungwa kunazuiwa kimyakimya. Bibi akawa anagusa msalaba jioni na dirisha halifungi, wala halisemi kitu. Alilizoea. Akawa anazima kompyuta kwa kitufe. Niligundua baada ya majuma mawili, nilipouliza kwa nini mauzo ya mwisho ya kila siku hayaonekani. Njia sahihi ni mchakato mkuu kulisikiliza tukio la `close` la dirisha, kulizuia, kufungua kisanduku cha mfumo endeshi chenye swali kwa Kiswahili kinachoeleweka, "Kuna mauzo hayajahifadhiwa. Uhifadhi kwanza?", na kuliachia dirisha baada ya jibu. Siku hizi nimeliondoa hata swali: kila mstari wa mauzo unahifadhiwa palepale unapoandikwa. Umeme ukikatika hauulizi swali, kwa hiyo na mimi sikuona sababu ya kuuliza.

Madirisha yakiwa zaidi ya moja, amua mapema nani anafunga programu. Kwenye Windows mtu akifunga dirisha la mwisho anategemea programu imekufa. Kwenye Mac anategemea iendelee kuishi chini pale ikisubiri. Na dirisha la risiti, ambalo halionekani na kazi yake ni kuchapa tu, linahesabika kama dirisha. Ukilisahau likiwa limefichwa, programu haitakufa ng'o, na kesho yake kufuli la nakala moja litakataa kufungua nyingine. Bibi atabonyeza mpaka achoke.

La mwisho lilitokea mwezi uliopita. Mjukuu wake alikuja likizo na skrini kubwa, akaiunganisha pembeni ya ile ya zamani, akalivuta dirisha la mauzo likakaa huko. Programu, kwa adabu niliyoifundisha, ikaikumbuka nafasi hiyo: upande wa kulia, nukta 1,500 kutoka ukingo. Likizo ikaisha, mjukuu akaondoka na skrini yake. Asubuhi programu ikawaka, alama ikatokea chini, dirisha halionekani popote. Lilikuwa limefunguka vizuri kabisa, limechorwa, liko tayari, ila mahali lilipo hapana skrini. Nilikuwa Pongwe. Nikamwelekeza kwa simu: abonyeze alama ile chini mara moja, kisha ashikilie kitufe cha Windows na mshale wa kushoto. Likaruka likarudi. Jioni nikaongeza ukaguzi mdogo wa kabla ya kulionyesha dirisha, unaouliza mfumo endeshi skrini zilizopo ni zipi, na kama nafasi iliyokumbukwa haiangukii kwenye hata moja, dirisha linawekwa katikati ya skrini kuu.

"Lilikuwa limemfuata mjukuu wangu," bibi alisema nilipopita kuliweka. Akanipunguzia bei ya mpira wa breki.